Sailensa

Karina ya baba ilipokosa sailensa
ilianza kwa kutikisa kioo cha pembeni,
uso wangu ndani yake ukawa nyuso tatu.
Nikadhani ni barabara ya Tabata.
Lakini tulikuwa tumesimama.

Fundi wa Buguruni akasema: plagi.
Nikanunua nne Gerezani, mpya kabisa, nikaapiwa.
Siku ya tisa zikatoka nyeusi kama vidole vya muuza mkaa.
Fundi wa Vingunguti akasema: nozeli.
Akaziosha, akanidai na hela ya soda.
Wa tatu hakushika hata spana.
Alizunguka mara moja, akapiga tairi teke:
"Dada, hii uza kwa kilo."

Moshi wake ulijua ratiba yangu.
Saa kumi na moja na nusu alfajiri, naiwasha niende zamu,
unatoka mzito, unanuka petroli mbichi,
unapanda ukuta, unavuka,
unalala kwenye kamba ya Mama Asteria.

Jumapili akaja na shuka lake la harusi.
Hakusema neno. Alilitandaza juu ya boneti
kama mtu anayetoa cheti cha daktari:
doa kubwa kama sinia,
jeusi katikati, kingo za kijivu.

Nikalikunja, nikalipeleka Keko kwa Fundi Tunu.

Aliliangalia shuka kabla ya gari.
Akalinusa. "Petroli haijaungua.
Hili halina njaa. Linalishwa mpaka linapaliwa."
Akasema niwashe, nisikanyage kitu.
Injini ikapiga, ikaruka, ikapiga,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani
na kukosea hesabu.

Hakuchomoa plagi. Nozeli hakuzigusa.
Aliweka kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta,
akakiacha pale.
Dakika kumi. Ishirini.
Februari, saa saba mchana,
mabati ya Keko yakialika kwa jua,
kuku wamejibanza chini ya Fuso bovu,
na kiganja chake bado pale, kimetulia
kama kwenye paji la mtoto asiye na homa.

"Gari lako linaona baridi."

Nikacheka. Dar es Salaam?

"Linaona baridi. Ubongo wake unaambiwa
bado ni alfajiri, bado halijaamka,
liongezewe mafuta, liongezewe tena.
Mchana kutwa linaamshwa.
Nani alitoa thamostati?
Feni hii nani aliifunga moja kwa moja?"

Nilimjua.

Mwaka lilipochemsha Chalinze,
mimi na Nsia kiti cha nyuma,
mvuke ulifunika kioo, baba akatuvuta mikono
tukakimbia naye mpaka kwenye mkonge.
Hakurudi kufungua boneti hadi jua lilipozama.
Wiki ile ile akajifungia na spana zake uani,
akatoka na kitu kidogo mfukoni.
"Halitachemsha tena," akasema, "nikiwa hai."

Na halikuchemsha.

Tuliikuta chini ya jeki, ndani ya kopo la Kimbo,
imeviringishwa gazeti lililogeuka rangi ya chai.
Tunu akaomba maji ya moto kwa mama lishe,
akaitumbukiza, akachuchumaa, akangoja.
Haikufunguka.
"Hii ndiyo iliyowachemsha," akasema.
"Ilitaka kubadilishwa tu."

Mpya ilikuwa shilingi elfu kumi na nane.

Mshale wa joto, ambao maisha yangu yote
nimeuona umelala,
ukaanza kunyanyuka. Mkono wangu ukashika kitasa cha mlango.
Tunu aliuona mkono, akanyamaza.
Mshale ukafika katikati, ukasimama.
Feni ikawaka yenyewe, ikazima yenyewe.
Kisha injini ikashusha sauti,
ikashusha tena,
na kioo cha pembeni kikanirudishia uso mmoja.

Doa halikutoka, nimejaribu hata ndimu.
Nimemnunulia Mama Asteria shuka jingine, jeupe vilevile.
Ameshukuru, ameliweka kabatini.
Kwenye kamba ametundika tambara la deki.
Anasema tuanze na hilo, mwezi mmoja,
halafu ataona.