Mswaki

Nimenunua mswaki dukani Kibakwe,
mwekundu, wa shilingi mia tano,
na si kwa meno yangu.
Nimeinama kwenye shimo la tatu
walilolikimbia wachimba dhahabu mwamba ulipokauka,
nikasugua jiwe kama mtu anayemsugua mtoto kisigino,
utelezi wa kahawia ukashuka chupani.

Mama Chilewa akatua dumu.
"Maji haya meupe pe. Unatafuta nini humo?"
"Wenyeji wake."
Akacheka mpaka khanga ikamvuka begani.

Usiku, maabara, Dodoma. Umeme umerudi.
Chini ya lenzi vimelala vijumba vya kioo,
vyembamba kama kucha za kichanga,
kila kimoja na chale zake.
Dayatomu hawali kiapo.
Hawajui nani alimwaga nini, mwaka gani.
Maji yakiwa na sumu
wao hupinda tu.

Nimehesabu mia nne.
Wale wa maji safi: saba.
Waliobaki ni sugu, waliozoea metali,
na sitini na mmoja wamepinda kiuno
kama waliobebeshwa mzigo
kabla mifupa haijakomaa.

Meupe pe, alisema.
Ni kweli. Nimeyainua kwenye taa
nikaona vidole vyangu upande wa pili.

Kesho narudi na karatasi ya majina ya Kilatini.
Nitaanzia wapi? Shikamoo mama,
halafu?
Mswaki nimeusuuza mara tatu.
Bado sijapata pa kuutupa.