Kutwa Mara Moja, Baada ya Chakula

Saa nne na robo usiku, Maweni.
Duka la dawa nimelifunga; hesabu zimekataa kwa shilingi themanini,
nimeziacha zikatae. Vyombo vimelala majini.
Nadhir kalala, au anajifanya.
Swabra kanikabidhi jino lake ndani ya karatasi, nimtunzie.
Nashika pedi, siyo zile ninazouza mchana,
hii ina vitufe, na kimoja kimelegea.
Nina dakika arubaini,
Mungu akipenda na stima ikipenda.

Mashine inataka kujisasisha.
Asilimia tatu. Asilimia nne.
Nakunja nguo za shule. Asilimia tisa.
Nimekunja hata soksi zilizofiwa na wenzake.

Wanaoniuliza nacheza nini
(na anayeniuliza ni Kadzo peke yake, wa zamu ya asubuhi,
apangaye peremende kwenye simu chini ya kaunta
akidhani simwoni)
nawajibu hivi:

Ule wa majoka, niliosifiwa
kuwa una saa mia mbili ndani yake,
kwangu hiyo si sifa, ni deni.
Saa nzima ya kwanza mtu wa ndevu ananisimulia
nani alimrithi nani. Baba,
nimesikiliza tangu asubuhi,
kikohozi cha huyu, kisunzi cha yule,
na bwana mmoja aliyemeza dawa ya minyoo ya mbuzi.
Nipe upanga.
Nikirudi baada ya wiki mbili nimesahau
kitufe cha kuruka ni kipi,
na yule mfalme nilikuwa namtafutia nini.
Naanguka genge lile lile.

Ule wa risasi, wa kucheza na watu wa mbali,
hausimami. Swabra akiita maji,
ama nife mimi ama alale na kiu.
Nimeuawa kwa vikombe vya maji mara zisizohesabika.
Kuna kijana, sauti haijavunjika bado,
alinitukana kwa lugha nisiyoijua;
nikamjibu kwa Kigiriama, tukatoka sare.
Mchezo usio na kitufe cha kusitisha
haukutungwa na mtu aliyewahi kulea.

Wa mpira ni mtamu, siudanganyi moyo wangu,
ila kila mwaka wanatuuzia doti ile ile
jina tu ndilo jipya.

Umebaki wa shamba.
Mabiringani, kisima, ng'ombe mmoja niliyemwita Shilingi.
Siku yake moja ni dakika kumi na tano,
inaenea kati ya isha na usingizi.
Ukimwagilia, kinaota.
Niambieni ni wapi kwingine.
Miaka kumi na sita nipo nyuma ya kaunta,
dawa sahihi, kipimo sahihi,
na bado wapo wasiochipua.

Mwenzangu alipojifungua nikabeba zamu mbili.
Siku ishirini na moja sikuigusa mashine.
Juzi nikaiwasha nikijua nitakuta jangwa.

Matuta yote mabichi.
Kisima kimefunikwa.
Uzio mpya, wa rangi ya waridi,
rangi ambayo mimi, kwa akili zangu, nisingeichagua.

Mlangoni, kumbe hakulala:
"Nilikuwa namwagilia, mama. Kidogo tu,
kabla ya madrasa. Yasikauke."

Na Shilingi yuko wapi?

Akaangalia vidole vyake vya miguu.
"Nilimuuza. Rangi ilikuwa ghali."

Basi Kadzo, ukiniuliza tena, andika kwenye bahasha:
shamba, kutwa mara moja, baada ya chakula.
Pale palipochapwa *weka mbali na watoto*
pakate kwa kalamu.

Tulikwenda sokoni wawili kumkomboa,
yeye kashika pedi, mimi nabonyeza kile kitufe kilicholegea.
Bei yake ilikuwa mara tatu. Hata humo.
Tukauza mabiringani yote.
Tulipompata tu, kabla hatujahifadhi,
stima ikakatika Maweni nzima,
na gizani nikamsikia mwanangu akicheka
mpaka dada yake akaamka, akataka maji.