Leso ya Chiwanga

Kwanza alipakwa unga wa mtama usoni,
akawa Bwana Shauri wa Kiingereza, jukwaani Mpwapwa,
kofia ya ukili ikimfunika mpaka nyusi.
Tulicheka hadi mbuzi wakakimbia.

Kisha Dar, kisha runinga:
mlinzi, mlinzi, maiti, baba mkwe,
halafu Kabuta, mwizi wa viwanja,
miaka kumi na mmoja.

Jumamosi nilimtuma zabibu, soko la Majengo.
Muuzaji akaikumbatia mizani yake:
"Kabuta, mimi huniibii!"
Akarudi mikono mitupu, uso unang'aa
kama aliyelipwa.

Usiku umeme umekatika.
Namsikia chumbani, anajaribu sauti mpya,
ya mzee anayekohoa.
Nabisha.
"Ni mazoezi tu, dada."

Leso naifua mimi.