Mpe Nane

Mkuu wa chuo anataka wasifu, ukurasa mmoja,
usomwe Ijumaa kabla ya soda.
Andika mechi, kaniambia, andika vikombe,
mambo ya Korogwe yaache.

Basi naandika.
Singano Hoza, mwana wa karani wa shamba la mkonge,
alikuja Muheza kufundisha hesabu
mwaka ambao chuo kilikuwa na mpira mmoja,
viraka vingi kuliko ngozi.
Ukocha hakuuomba.
Aliyekuwapo alihamishiwa Tabora,
akaacha filimbi juu ya meza ya walimu,
na kila aliyepita aliitazama
kama deni la mtu mwingine.
Hoza aliiokota, akaifuta kwa shati.

Miaka ishirini na saba.
Mechi mia tatu na kumi na mbili.
Tulishinda mia moja na arobaini,
zilizobaki tunazijua wenyewe.
Kombe la vyuo mara mbili;
moja limebaki na sikio moja,
jingine liling'oka kwenye lori, pale Segera, tukiimba.

Klabu kubwa ya Dar ilimtaka.
Gari lilifika mpaka langoni, akashuka mtu wa tai na bahasha.
Sisi tulichungulia madirishani mwa bwalo, kimya,
uji unapoa.
Aliporudi darasani alishika chaki, akasema:
tuliishia kwenye pembetatu.
Hakuna aliyethubutu kuuliza.
Mkewe, nasikia, aliuliza kwa niaba yetu
miezi mitatu mfululizo.

Korogwe nitaiandika.
Fainali, moja kwa moja, dakika kumi zimebaki,
wa akiba wamekwisha,
na goti la Semkiwa limevimba kama boga.
Semkiwa mwenyewe alilia: niache, Mwalimu.
Jukwaani bodi nzima imesimama: mwache!
Hoza aliingia uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi,
akambeba mgongoni kama gunia la machungwa.
Tukacheza kumi. Tukafungwa mbili.
Wakamsimamisha mwaka mzima,
na mwaka mzima, kila saa kumi jioni,
alikuja akakaa nje ya mstari wa chokaa,
hasemi neno, filimbi mfukoni.
Semkiwa leo anafundisha Soni.
Anapanda ule mlima kwa miguu yote miwili.

Jana nilifungua stoo kutafuta tarehe.
Nikakuta daftari lake, jalada limeliwa na mende.
Nilidhani nitaona mbinu, mishale, duara za wachezaji.
Nikaona majina, mwaka hadi mwaka,
na mbele ya kila jina, namba ya kiatu.
Kumbe zile Jumatatu alizoaga anakwenda mjini
alikuwa akipekua mitumba ya Tangamano,
akirudi na kiroba begani,
nasi tukidhani ni vya serikali.

Ukurasa wa tisa nipo mimi:
*Kaoneka, kipa. Saba. Mpe nane, bado anakua.*

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja.
Sikukua tena, hata ukucha.
Nilidaka misimu miwili
nimejaza magazeti kwenye vidole.

Karatasi imeisha na vikombe sijaeleza vizuri.
Mkuu atanuna.
Ijumaa nitavivaa;
nimevijaribu asubuhi hii,
bado vinapwaya.