Samaki wa Wizara

Jalada la kijivu, shule kumi na moja za kufungwa,
na kazi yangu mimi ilikuwa muhuri tu.
Riga, mwezi wa pili, vioo vimeota barafu.
Bi Skaidrite, waziri wetu wa elimu, akasema,
"Sifungi shule nisiyoinusa."
Tukaenda.

Saa nne njiani, theluji kushoto, theluji kulia,
dereva Ainars anatafuna mbegu za alizeti
na kwa kila kijiji ananitajia nani kahamia Ayalandi.

Shule ya saba. Wanafunzi sita.
Kanuni yataka thelathini; kanuni haina pua.
Palinuka chaki, kabichi,
soksi zikaukazo juu ya bomba la joto.
Mwalimu mkuu, Bwana Donats, kavaa tai ya harusi yake.
Hakubembeleza. Alitufungulia chumba baada ya chumba,
viti vimepinduliwa juu ya madawati,
miguu hewani, kama mende waliokufa.

Waziri akachuchumaa mbele ya mtoto mmoja.
"Ukihamia shule ya mjini, utakosa nini?"
(Alitaka neno la kutia hotubani. Namjua.)
Mtoto akageukia tangi la dirishani.
"Basi linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri.
Samaki anaamka saa mbili.
Atalishwa na nani?"

Huyu mama nimemwona akilijibu bunge zima
saa tatu, bila kumeza funda la maji.
Hapo alinyamaza.

Tulirudi usiku, mtungi wa achari mapajani mwake,
samaki ndani, kila shimo la barabara
likimwagia jalada tone.

Asubuhi alitia sahihi.
Msidhani hakutia.
Paa la shule ya nane linavuja,
mwalimu wa fizikia hapatikani kwa mshahara ule,
blanketi ukilivuta kichwani, nyayo zinabaki nje.
Nikagonga muhuri. Ukurasa wa saba ulikuwa bado mbichi;
wino ukatambaa hadi kwenye jina la Donats.

Mwezi wa tano serikali ikaanguka.
Alibeba kikombe chake na viatu vya theluji.
"Samaki ni wa wizara," akasema, hakugeuka.

Leo waziri mpya, kijana, jalada jipya kwapani,
kasimama mbele ya tangi: "Huyu wa nani?"
"Wa shule ya saba, mheshimiwa."
Nikampa kopo la chakula atie mwenyewe.
Kidogo, nikamwambia. Kidogo tu.