Kutia Chenga

Durham, Desemba. Saa kumi jioni na giza limeshaketi.
Mto Wear umekizunguka kilima cha kanisa kuu,
ukakaribia kufunga duara,
ukaghairi.

Ghorofa ya tatu, sisi twalinganisha maumbo.
Kushoto galaksi za kweli, elfu mbili na mia nne,
mwanga mkongwe ulionaswa na kioo juu ya mlima mkavu.
Kulia zetu, tulizozipika chini ya sakafu
kwenye mashine zingurumazo kama kinu cha kukoboa:
tulizipa gesi, tukazipa mvutano,
tukazipa miaka bilioni kumi na tatu
ndani ya wiki sita na bili ya umeme
ambayo mkuu wa idara huisoma akiwa amesimama.

Kipimo ni hiki. Nachukua galaksi moja,
naigeuza nusu mzunguko,
naitoa ndani ya nafsi yake.
Kinachosalia ndio upogo wake:
mkono uliokatika, jeraha la kugongana na jirani,
kishungi cha nyota changa upande mmoja tu.
Zetu karibu hazikusaza kitu.
Tena zilitoka nene. Za mbinguni chapati,
zetu maandazi.

"Safi mno," akasema Maureen Oxtoby,
akianika soksi zake juu ya kipasha joto.
"Hakuna aliyewahi kuona galaksi hivyo. Zichafue."

Basi nikazichafua.
Nikapuliza vumbi katika mikono yao.
Nikazitia ukungu wa lenzi, nikazitia mng'ao wa anga,
nikazitia chenga, zile zile chenga
za televisheni ya mjomba Elinihaki kule Usangi
alipopanda paa kugeuza antena
na sisi chini tukipiga kelele: hapo! hapo! umepitiliza!
Nikapachika mbele yao nyota zisizowahusu,
wapita njia waliokatiza picha.
Ajabu: kadiri nilivyoziharibu
ndivyo zilivyoukaribia ukweli.

Ijumaa tukachanganya picha mia moja, bila majina.
Namba sitini na moja:
mikono miwili iliyosukwa kama ukili wa mtu asiye na haraka,
kitovu cha dhahabu, doa hakuna.
Nikaandika: ya kompyuta. Nikapiga mstari chini yake.

Ilikuwa ya kweli.
Mwanga wake uling'oa nanga ya giza
kabla samaki hawajaota miguu,
ukaja, ukaja, haukupumzika popote,
ukafika Durham kukataliwa na mimi
mwenye kikombe cha chai mkononi.
"Kizuri hakikosi ila," nikajitetea.
Maureen akaomba tafsiri, akaitafuna kidogo.
"Labda ila yake," akasema, "imetazama upande wa pili."

Usiku mama akapiga simu.
Ameziona picha nilizotuma: theluji,
daraja, mimi na koti jekundu.
Nilizichagua tatu kati ya arobaini.
"Nakunda, umependeza," akasema, kisha akanyamaza
hata nikadhani mtandao umekatika.
"Ila mbona hakuna mtu anayepita nyuma yako?"

Nikasema kuna baridi, watu hawatoki.
Jibu hilo nalo lilikuwa safi mno.

Jumatatu tutarekebisha nguvu ya milipuko ya nyota,
huenda unene ukashuka, huenda usishuke.
Nimefungua dirisha kidogo, vidole vimekufa ganzi.
Chini mtaani mtu anapita na mbwa wake,
anaikatiza taa,
na kwa nukta moja barabara yote ina upogo.