Uzito Ukiondoa Tope

Oktoba, wiki ya tatu ya mavuno ya viazi sukari.
Malori yamepanga foleni tangu barabara kuu,
baridi ya Nebraska imeuma vioo.
Mdogo wangu Noemi yumo ndani ya kibanda cha mizani,
goti moja lina daftari la stakabadhi, goti la pili kompyuta,
na kwenye kompyuta kuna swali: Wewe ni nani?
Jibu lisizidi maneno mia sita na hamsini.

Anapima lori limejaa. Anaandika.
Anachota ndoo moja, viazi vioshwe, tujue tope ni kiasi gani,
maana kiwanda hakinunui udongo wa mtu.
Lori linamwaga, linarudi tupu, analipima tena.
Halafu anafuta sentensi yake ya kwanza.
Mara ya tisa.

Chuo anachokitaka kiko upande wa mvua,
uiruke Wyoming, uiruke Idaho.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huko mgeni hupewa ankara kabla hajavua viatu,
ada ya mwenyeji mara tatu.

Bi. Ostdiek, mshauri wa shule,
ana wanafunzi mia tatu na kiti kimoja cha kuwakalisha.
Alimwambia: "Usiwaandikie kifo cha babu, kila bahasha ina babu yake.
Futa zile klabu sita ulizozifuata kwa ajili ya biskuti.
Barua usiombe kwa mkuu wa shule, hakujui.
Muombe mwalimu wa kemia, yule aliyekufelisha
nawe ukarudi kesho yake na maswali."

Fizikia kwetu haifundishwi. Aliisoma kwa video;
maktaba ikifungwa hukaa nje kwenye ngazi
akidokoa mtandao kupitia ukutani.
Mtihani aliurudia Cheyenne. Niliendesha mimi, kwenye theluji,
nikalala ndani ya gari na viatu vyangu vya kiwandani.
Alama zikapanda sitini.
Mjomba Refugio akauliza, "Sitini nini? Dola?"

Niseme kweli, maana usiku hausengenyi:
mimi nami niliwahi kukubaliwa, kwingine. Barua ninayo,
imekunjwa ndani ya kitabu cha mwongozo wa trekta.
Walinipenda. Hawakunipenda kwa pesa.
Ndiyo maana fomu ya msaada nimemjazia mimi,
mstari kwa mstari, kodi ya baba, mkopo wa paa,
na pale walipouliza akiba nikaandika sifuri,
nikaitazama, ikanitazama.

Saa tano na nusu usiku ananisomea.
Hakuna babu. Hakuna "tangu utotoni nimeota."
Kuna ndoo, kuna maji ya barafu,
kuna msichana wa miaka kumi na saba anayeuliza:
Nikioshwa tope la hapa, nitabaki kilo ngapi?
Na nani kasema tope si langu?
Nikakohoa. Nikamwambia koma moja imezidi.

Mwisho ulikuwa saa sita, lakini saa sita ya kwao,
nao jua huwafikia baada yetu.
Tukajikuta na saa nzima ya bure, hatujui tuifanyie nini.
Akabonyeza. Hakikulia chochote.
Nje, lori la Haberkorn likapiga honi:
linataka kupimwa.

Majibu ni Machi. Bi. Ostdiek anasema tusihesabu siku.
Mimi nahesabu malori.
Miaka saba kibandani imenifunza hili moja,
kwamba lori lililojaa halikuambii kitu.
Likirudi tupu ndipo unatoa,
ukajua lilikuwa limebeba nini.
Wakimchukua, Agosti nitampeleka kituo cha basi,
nitarudi peke yangu, na kabla ya kwenda nyumbani
nitaliendesha gari letu juu ya mizani hii,
kwa makusudi,
nishuke, nisome namba.